Jongoo wa Ngitili ya Mashimba

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipofunguliwa mlango, watu wa Migato walilima kila palipolimika. Walilima njia za ng'ombe, wakalima kiwanja cha mpira, na mmoja alilima mpaka ukingoni mwa makaburi ya ukoo, mkewe akamwomba abakize walau pa kumzika yeye. Usiwacheke. Walikuwa wamezoea kuuza pamba na kusubiri malipo mpaka wasahau walichouza. Sasa malori yalikuja hadi uani, na mtu aliyepima asubuhi aliweza kuota mabati jioni.

Ni mwaka huohuo Doto Mashimba alirudi kutoka Dar es Salaam, na begi la nguo na boksi la chupa tupu, kumtafuta jongoo.

Tuseme ukweli, hakuna aliyemwelewa. Binti wa kwanza wa kijiji kufika chuo kikuu, anafundisha elimu ya wanyama, halafu katika wanyama wote wa Mungu anachagua jongoo! Nyanjige, wifi yake, alimpokea kwa vigelegele. Alipoelezwa safari yenyewe, akakaa chini.

"Wifi, si ungetuma salamu tu tukuletee gunia?"

Lakini jongoo huyu Doto alikuwa amekua naye. Utotoni, yeye na pacha wake Kulwa walichunga ng'ombe wa baba yao kwenye ngitili, lile eneo la nyasi na miti ambalo mzee Mashimba, kama Wasukuma wengi wenye mifugo, alilifunga kipindi chote cha mvua na kulifungua kiangazi, malisho yanapokwisha kwingine. Mvua ikinyesha, hakuna mguu uliokanyaga humo, wa ng'ombe wala wa mtoto. Kiangazi mapacha walipoingia walikuta pete za majongoo waliokufa, nyeupe, nyepesi, wakazitunga kwenye uzi wa katani na kuvishana shingoni. Zilikuwa siku nzuri, hakuna namna nyingine ya kuzisema. Maziwa ya mgando kibuyuni, Kulwa akipiga mluzi juu ya kichuguu, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na haraka. Miaka baadaye, akiwa maabara chini ya feni, Doto alikuwa akizikumbuka.

Pete zile zilikuwa na mfereji mwembamba ubavuni, mfereji ambao hakuukuta kwenye kitabu chochote wala kwenye chupa yoyote ya chuo. Likizo iliyotangulia alichimba chini ya magogo ya ngitili akapata majike kadhaa, weusi wenye mstari wa rangi ya chungwa mgongoni. Profesa wake aliwatazama, akafurahi, kisha akamvunja moyo. Jongoo wa namna hii hathibitishwi kwa jike. Dume ndiye mwenye ushahidi: kwenye pete ya saba miguu yake imegeuka kuwa viungo vidogo vya uzazi, na umbo la viungo hivyo hutofautiana kwa kila aina, kama funguo za nyumba mbalimbali. Bila dume, hakuna aina mpya wala jina. Na dume wa huku hutoka kutembea mvua za kwanza tu.

Shida ilikuwa hapo.

"Mvua ya kwanza ikianguka, nalima ngitili," Kulwa alimwambia jioni ile wakinawa mikono. "Yote."

"Ngitili ya baba?"

"Baba hayupo, Doto. Watoto wapo."

"Niachie mwaka mmoja."

"Mwaka huo mmoja wewe utakuwa Dar es Salaam. Mimi nitakuwa hapa, naangalia nyasi." Hakusema kwa ukali. "Lori likishanipita likaenda kwa Masunga, halirudi nyuma."

Waligombana kama mapacha wanavyogombana, yaani kwa kununiana. Asubuhi Doto alitoa salamu yake, "Mwangaluka," akajibiwa na mbuzi. Siku ya pili Kulwa alilegea kidogo. Yeye angeanza kulima kutoka chini, bondeni. Dada yake atafute kutoka juu, penye mawe. Watakapokutana, biashara imekwisha.

Mvua ikaja na radi zake. Doto alitambaa kwa magoti, akapindua magogo, akachakura majani yaliyooza. Majongoo walikuwa tele, lakini wale wa kawaida wanaoingia hadi jikoni. Wenye mstari wa chungwa aliwapata pia, majike watupu. Kila aliponyanyua kichwa alimsikia Kulwa akiwasemesha maksai wake, na kila siku sauti ilikuwa karibu zaidi. Aliipenda sauti ile kuliko zote duniani, na wiki ile aliichukia. Ngitili ikilimwa, magogo yangekuwa kuni na kivuli kingeondoka, na mdudu aliyeishi humo tangu kabla ya babu zao angetoweka pasipo mtu kujua kwamba aliwahi kuwepo. Aliogopa, na hofu hiyo hakuwa na wa kumweleza.

Mchana mmoja sauti ikakatika. Doto alidhani nira imevunjika. Kisha akamwona Kulwa anakuja mbio kwenye tope, kofia yake ya pama kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Nyuma yake maksai walikuwa wamesimama katikati ya mstari, na Nyanjige, aliyekuwa akiwaongoza, kashika kiuno.

"Huyu alikuwa anavuka mbele ya plau," Kulwa alisema akihema. "Anatembea kama anayekwenda kuposa. Hebu mtazame."

Ndani ya kofia jongoo alikuwa amejikunja. Wakachuchumaa wote wawili wakimsubiri, mvua ikiwapiga mgongoni, mpaka akajikunjua. Doto akashika lenzi. Akahesabu pete kutoka kichwani, akakosea, akaanza upya. Kwenye ya saba, pale palipotakiwa kuwa na miguu, palikuwa na pengo, na ndani ya pengo kitu kidogo kilichopinda.

Alipiga kelele hadi Nyanjige akaacha ng'ombe. Alimkumbatia kaka yake wakaanguka matopeni, watu wazima wale. Viganja vya Kulwa vilikuwa vimepakwa hudhurungi na maji ya jongoo, vikinuka kama aidini, na doa lile halikutoka kwa sabuni yoyote.

Kisha Doto akafungua spiriti aliyoinunua dukani kwa Gharib, mjini Bariadi.

"Unamwua?" Kulwa aliuliza.

"Lazima."

"Nimesimamisha ng'ombe kwa ajili yake, na wewe unamwua."

Lilimchoma. Alimjibu ukweli, maana uongo asingeuweza mbele ya Kulwa: asiye na jina akimalizika, hata wa kumhesabu hayupo. Kulwa aligeukia bondeni mpaka chupa ilipofungwa.

Kesho yake hakufunga nira. Alisema maksai wamechoka. Keshokutwa alisema plau ina nati iliyolegea. Nati hiyo ilibaki imelegea zaidi ya miaka ishirini. Kipande kile, kutoka mstari wa mwisho wa plau hadi penye mawe, hakikulimwa tena. Malori yalipita, jirani Masunga akaezeka bati kabla yake, Nyanjige akalalamika misimu kadhaa kisha akaanza mwenyewe kuwafukuza wakata kuni.

Maelezo ya jongoo yule yalipochapishwa, Doto aliyaleta Migato na kumwonyesha kaka yake mchoro na jina la Kilatini. "Nimempa jina lako," alisema.

Kulwa alicheka mpaka akapaliwa. Jongoo anaitwa Kulwa! Aliwaita majirani waje wasikie. Kisha akamgeukia dada yake.

"Na Doto yuko wapi?"

"Doto gani?"

"Hakuna Kulwa asiye na Doto. Aliyezaliwa peke yake haitwi Kulwa. Hao wasomi wenzako hawajui?"

Alimweleza kwamba mtaalamu hajipi jina lake mwenyewe, si ustaarabu. Kulwa alilifikiria kwa uzito, kama suala la mahari.

"Basi tumtafute, mwenzako mwingine ampe jina. Akipatikana Doto, anayefuata ni Shija, kama mtoto anayezaliwa baada ya mapacha."

Wakatafuta. Kila likizo iliyoangukia mvua walitambaa pamoja kwenye kile kipande, kisha wakatambaa na mvi, wakitaniana. Hawakumpata Doto.

Kulwa alifariki mwaka juzi, wiki chache kabla ya mvua. Matanga yalipokwisha, Doto hakuondoka. Mvua ya kwanza ilipoanguka alikwenda penye mawe akiwa peke yake, akachuchumaa. Dume mwenye mstari wa chungwa alikuwa akipita juu ya majani.

"Kulwa," alimwita.

Zamani mama yao alipoita jina moja, waliitika wote wawili kwa pamoja, yeyote aliyetakiwa. Doto akaitika.