Blanketi la Chakavu

Dobi alikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa, nayo ni pasi. Mkewe akiumwa tumbo, kitambaa kilichotoka kwenye pasi. Shingo ikikaza, kitambaa kilichotoka kwenye pasi. Mkewe alizoea kuwaambia wateja kwamba mumewe angeipiga pasi hata mvua, kama ingekubali kulala mezani.

Chakavu alikuwa mbwa wao. Walimwokota akiwa mchanga ndani ya rundo la mashuka mabovu, na kwa miaka tisa alilala chini ya meza ya pasi. Wawili hao hawakujaliwa mtoto. Sisemi kwamba mbwa aliziba pengo hilo, lakini nyumba ilikuwa na mtu wa kugombezwa, na hilo si dogo.

Pikipiki ilipomvunja mguu, daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye koti jeupe lililojikunja kama karatasi ya vitumbua, aliutia mguu ule chuma. Kisha akamnyoa manyoya mgongoni, akabandika kibandiko cha dawa kali ya maumivu. Dawa itapenya kwenye ngozi kidogo kidogo kwa siku tatu, alieleza. Mbwa asikilambe, watoto wasikiguse, kikitoka kisitupwe bali kirudishwe kwake. Zaidi ya yote, joto lisikikaribie, maana joto huifanya dawa iingie kwa fujo. Dobi aliitikia kila neno. Walipofika nyumbani alihamisha hata jiko.

Siku ya kwanza Chakavu alilia kila alipojigeuza, na dobi akawa anatoka nje asimsikie. Asubuhi ya pili akapata la kufanya. Akaanza kumbadilishia blanketi kila baada ya saa moja, safi, limenyooka, halina hata mkunjo. Kufika saa nne mbwa alikuwa kimya. Dobi akamshukuru Mungu, akarudi kwenye mashati yake.

Mkewe ndiye aliyeinama chini ya meza. Alimwita mbwa kwa jina, akamvuta sikio, akahesabu pumzi zake, akaona zinachelewa.

"Mzee wangu," akasema, "huyu halali. Huyu anatuacha."

Dobi alinyakua blanketi lililokuwa mezani, akamviringisha mbwa, akambeba mbio mitaa miwili hadi kwa daktari. Daktari alisikiliza moyo, akauliza kama mbwa amekaa karibu na joto lolote. Dobi akasema hapana, akaapa, na kwa alivyojua alikuwa mkweli. Daktari akaweka kiganja juu ya blanketi.

"Mbona hili lina moto, baba?"

"Nimelipiga pasi tu."

Alipolisema ndipo alipolisikia. Kwa miaka thelathini, kitu kilichotoka kwenye pasi kwake hakikuwa cha moto, kilikuwa safi. Akaketi sakafuni.

Daktari hakumgombeza. Alilitupa blanketi pembeni, akavaa glavu, akabandua kibandiko na kukikunja gundi kwa gundi, akachoma sindano ya kuipinga dawa ile. Akamwekea mbwa oksijeni puani.

"Nimemuua kwa mikono yangu," dobi akasema.

"Mikono hiyo ndiyo iliyomleta," daktari akajibu, macho yakiwa kwenye kifua cha mbwa. "Na hukunificha la pasi. Ungenificha, ningekuwa bado natafuta."

Wakangoja. Kisha Chakavu akatikisa sikio, akajaribu kujigeuza, akalia. Kilikuwa kilio kilekile cha jana, cha mguu, kilichokuwa kikimfukuza dobi nyumbani. Safari hii dobi alitambaa hadi kwenye meza ya daktari, akaweka shavu karibu na pua ile yenye maji, machozi yakimtoka.

"Lia, mwanangu," akasema. "Lia mpaka majirani waje."

Daktari alibaki na mbwa hadi alasiri, kwa kuwa sindano ile huweza kuisha nguvu kabla ya dawa ya kibandiko, kisha akampa dawa nyingine, nyepesi. Dobi alitafuta shukrani ya kutosha, asiipate. Mwishowe akaomba apewe lile koti lililojikunja.

Alilirudisha asubuhi iliyofuata, amelilaza juu ya mikono yote miwili. Daktari akanyoosha kiganja kuligusa.

"Limepoa," dobi akasema kabla hajaulizwa. "Nimelisubiri."