Mto Mrefu wa Sufi

Tangu wamzike Pulou, mjane wake Faalili alikuwa hapati usingizi. Usiku kucha anajigeuza kwenye mkeka, asubuhi macho mekundu, na Jumapili moja akasinzia katikati ya wimbo wa kwaya, yeye ambaye sauti yake ndiyo inayowabeba wanawake wote wa kijiji. Watu wakainamisha nyuso ili wacheke kwa heshima. Aliporudi nyumbani alitangaza kwamba atahamia ng'ambo, Auckland, kwa binti yake. Huko kuna mito ya dukani, labda usingizi atauona.

Kauli hiyo ilimchoma Leute, mkamwana wake. Mama yake mzazi alifariki yeye angali mdogo, na huyu mavyaa mwenye mdomo mkali ndiye mama aliyekuwa naye. Hakutaka aende. Kama shida ni mto, basi mto utapatikana.

Alianza na wa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Faalili akaulalia kidogo, akainuka ameshika shingo.

"Mwanangu, mimi nimefiwa, sijafungwa jela."

Leute akafua manyoya ya kuku, akayaanika, akashona mwingine.

"Unanuka banda," akasema Faalili. "Nikiulalia huu nitaamka nawika."

Ukabaki ule wake wa siku zote, wa sufi, mrefu, uliotariziwa maua mekundu toka mwisho hadi mwisho. Leute aliubonyeza, mkono ukafika sakafuni. Kumbe sufi ndiyo imechoka! Akaenda kuokota matunda chini ya msufi ulio nyuma ya kanisa, akaipiga sufi kwa fimbo mbegu zitoke, akaianika chini ya chandarua isipeperuke. Kisha akaona mtu mmoja hahitaji mto wa urefu ule. Akaukata katikati, akashona mito miwili mifupi iliyojaa vizuri, akajiona fundi.

Faalili alipoiona, alikaa chini.

"Umeukata."

"Ni miwili sasa, Mama. Huu wa kulalia, huu wa akiba."

"Umeukata," akarudia, akatoka kwenda kuketi kwenye kaburi la mumewe mbele ya nyumba.

Leute alitamani ardhi immeze. Mumewe, Tanielu, alikuwa amesimama hapo akijikuna kichwa.

"Baba na Mama wameulalia mto ule tangu waoane," akasema. "Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukusema? Si uliniona na mkasi!"

"Nilidhani unakata kitambaa."

Hakuna msaada hapo. Leute akatoka, akaketi karibu na kaburi, chini kidogo ya mavyaa wake.

"Nisamehe, Mama."

Faalili hakumtazama. Akasema, "Pulou alikuwa na kichwa kizito, Mungu amrehemu. Akikilaza upande wake, sufi yote inakimbilia kwangu, nami nalala nimeinuliwa vizuri. Sasa nikilala mimi inakimbilia kwake. Hakuna wa kunirudishia."

Leute aliona aibu. Wiki nzima alikuwa akihangaika na cha kujaza, kumbe kilichopungua ni kichwa.

Akafumua mishono, akaipunguza sufi aliyoiongeza, akaviunganisha vile vipande viwili vikawa tena mto mmoja. Kovu la mshono lilionekana wazi katikati ya maua.

Jumapili, baada ya ibada na mlo wa shelisheli na majani ya majimbi yaliyoiva kwa tui, kijiji kizima kilijilaza kama kawaida yake. Leute akatandika mkeka, akauweka mto. Faalili akalala upande wake, na sufi ikakimbia. Leute hakuomba ruhusa, maana angeiomba angeikosa. Akajilaza upande wa Pulou.

Alingojea kufukuzwa.

"Wewe mtoto," akasema Faalili, amefumba macho. "Kichwa chako chepesi."

"Nifanyeje, Mama?"

"Kilaze chote. Umekibebabeba tu, unaniogopa."

Leute akakilaza chote. Akaisikia sufi ikisogea chini ya shavu lake, ikipita penye mshono, ikienda upande wa pili. Haikuchukua muda, mavyaa wake akaanza kukoroma. Leute shingo ilikuwa inamuuma vibaya, lakini hakusogea.