Wafuasi Elfu Nne na Mlango Mmoja

Jana niliota, na wala haukuwa usiku. Ilikuwa Ijumaa mchana, nimetoka kula wali na samaki kibua, nikajinyoosha kwenye mkeka katikati ya makapu yangu, simu kifuani. Msidhani nililala kwa uvivu. Nililala kwa hasira.

Hasira yenyewe ni hii. Mimi naitwa Mwantumu, nasuka makapu ya katani hapa Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili. Mtandaoni nina wafuasi elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Mume wangu, Mwalimu Mbaruku, alikaa miezi mitatu akinitengenezea tovuti: picha, bei, historia ya mkonge, kila kitu. Chini kabisa akaweka namba ya wageni walioingia. Tangu Machi namba hiyo ni mbili. Wa kwanza yeye, wa pili mimi.

Sasa tunakula, akaniambia huku anachambua miiba, hanitazami, "Kesho naifunga ile tovuti, Mwantumu. Inanitia aibu."

"Watu siku hizi hawapendi kusoma, mume wangu," nikamjibu.

Ukweli niliujua, nikaumeza pamoja na kibua. Wafuasi wangu sijawahi kuwaambia kama tovuti ipo. Kule bei imeandikwa wazi, na mimi bei yangu huitoa baada ya kumtazama mtu kwenye picha yake nikaona anafananaje. Basi nikalala.

Niko barabarani, naenda kununua nyanya. Nyuma yangu kuna foleni ya watu elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Nikikata kushoto, nao wanakata kushoto. Nikisimama kujifunga khanga vizuri, wanasimama, na wenye khanga wanajifunga.

Wa mbele ni mama mmoja wa miwani, kifuani ana kibao kilichoandikwa Mama Ubwabwa Halisi.

"Mna nini nyie?" nikamuuliza.

"Wewe si ulituomba tukufuate, dada? Tunakufuata."

"Mnanifuata kwenda wapi?"

"Hilo ungejua wewe. Sisi tuko njiani tangu mwaka juzi. Wengine wamezaa humu humu kwenye foleni."

Nikaona ni jibu la haki. Nikanunua nyanya.

Mara vikaja vidole gumba. Mamia kwa mamia, vinatembea vyenyewe, vinaruka mitaro. Pembeni yangu kuna kapu moja linatembea nalo, limeegemea upande, mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Sikumbuki kulileta.

"Hao ndio walioipenda posti yako ya Jumatano," likasema lile kapu.

"Mbona hawanunui?"

"Watabebea nini? Hawana mikono."

Nikalitazama vizuri. Ususi mbovu, aibu tupu. Nikaliuliza nani kalisuka.

"Usijisumbue," likasema. "Mimi siuzwi."

Kabla sijalijibu, foleni nzima ikapaza sauti, "Bei gani?"

Mdomo wangu ukajibu wenyewe, maana umeshazoea: "Bei njoo inboksi."

Lahaula! Boksi la friji likashuka katikati ya barabara, nami nimo ndani yake nimekaa kwenye kigoda. Wakaanza kuingia. Wa kwanza ana bangili za dhahabu mpaka kiwikoni, nikamnong'oneza elfu thelathini na tano. Wa pili ndala zake zimefungwa kwa waya, nikamnong'oneza elfu ishirini. Lakini boksi ni dogo, na watu elfu nne wameshaingia wote, kwa hiyo kila mnong'ono unafika kwenye kila sikio.

"Mbona yeye ishirini?" akauliza mwenye bangili.

Jasho likanitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Mtandao unasumbua," nikasema.

"Nani, mimi?"

Boksi likafunuliwa juu. Akachungulia Mtandao mwenyewe, mtu mrefu mwembamba, begani ana mistari minne kama askari, yote inawaka.

"Leo nimeamka salama," akasema. "Mistari minne kamili, nimefua, nimepiga pasi. Nimekusumbua nini, mama?"

"Samahani, bwana Mtandao. Ni mazoea tu ya kusema."

"Kila siku nasingiziwa mimi. Njoo huku."

Akanishika mkono, na palepale hatuko barabarani tena. Tumesimama kwenye uwanja uliofagiwa. Mbele kuna nyumba yenye rangi mpya, mlango wa bluu, na zulia la kufutia miguu ambalo halijafutiwa mguu hata mmoja. Mlango ukakohoa.

"Karibu. Wewe ni mgeni namba mbili. Ulikuja Machi, ukakaa sekunde kumi na moja."

"Nilikuwa na sufuria motoni."

"Sijakuuliza," ukasema Mlango, wala si kwa ubaya.

Nikachungulia dirishani. Mbaruku wangu amekaa peke yake, amevaa koti la harusi yetu. Mbele yake viti thelathini, vitupu. Vikombe thelathini vimefunikwa kwenye sinia, chupa ya chai iko pembeni. Anausoma kwa sauti ule ukurasa wa Kuhusu Sisi, anavisomea viti, na kila akimaliza aya anatupa jicho mlangoni. Jamani, roho iliniuma. Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, anasomea viti kwa sababu yangu.

Alipofika aya ya mwisho, midomo ikawa inacheza, sauti haitoki.

"Mbona hapo hasikiki?"

"Hapo hujawahi kufika," ukasema Mlango. "Na ukitaka kufanya jambo, fanya sasa. Kesho nang'olewa."

Nikageuka. Foleni iko kule mwisho wa uwanja, imesimama. "Ingieni jamani! Karibuni ndani!" Hakusogea mtu. Mama Ubwabwa Halisi akajikinga jua kwa kiganja.

"Tuingie wapi, dada? Sisi tunakuona wewe tu."

"Hujawaonyesha mlango, watauonaje?" akasema Mtandao, anajipangusa vumbi begani. "Na bei umewaficha. Itamke."

Nikafungua mdomo. Bei ikakwama kooni. Nikatia vidole, nikashika ncha, nikavuta: ikatoka kamba ya katani. Nikavuta tena. Pima moja, pima tano, pima arobaini, navuta huku machozi yananibubujika, na mwishoni kabisa kikatoka kijikaratasi kwa mwandiko wangu: elfu ishirini na tano, kwa wote. Nikajisikia mwepesi, siwezi hata kueleza. Mwenye bangili akapiga makofi. Mwenye ndala akakunja uso, kisha akasema haya, haki ni haki.

Kufunga kamba si kazi ya kunishinda mimi. Ncha moja nikaifunga kwenye kitasa, nyingine nikamshikisha Mama Ubwabwa Halisi. Akaifuata taratibu, mkono baada ya mkono, akafika, akavua viatu, akaingia.

Mbaruku aliruka kwenye kiti hata sinia likalia.

"Karibu! Karibu sana mgeni! Chai?"

"Naomba."

"Ina tangawizi."

"Kidogo basi."

Mume wangu hajui kidogo ni nini. Akammiminia. Yule mama akapiga fundo moja, akakohoa mpaka miwani ikamdondoka. Nyuma yake watu wameshika kamba, wanacheka, wanavua viatu, na vidole gumba navyo vinasukumana kwenye ngazi.

"Mwantumu! Mwantumu, amka!"

Mbaruku alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, amenishika bega, ananitikisa kama mti wa mpera.

"Umefanya nini? Wageni kumi na tisa! Sasa hivi ni ishirini na mbili!"

Nikaitazama simu yangu. Kwenye posti ya Jumatano kulikuwa na maneno mapya: kapu kubwa elfu ishirini na tano, kwa wote, mlango huu hapa. Halafu anwani ya tovuti. Sikumbuki kuyaandika.

"Nimebadilisha utaratibu kidogo," nikasema. "Kwa hiyo kesho unafunga?"

"Nifunge wageni wakiwa ndani?" Alikuwa anacheka kwa furaha, meno yote nje. "Na kuna mama wa Singida ameagiza mawili. Ila mwisho wa ujumbe wake simwelewi. Sikiliza: asanteni kwa ukarimu, chai nzuri lakini tangawizi imezidi. Chai gani hii, Mwantumu?"

Nilikuwa nimeufungua ukurasa wa Kuhusu Sisi, nausoma mpaka chini, kule ambako sikuwahi kufika. Palikuwa na picha ya kapu moja limeegemea upande, mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nilidhani nililitupa mwaka tuliooana. Chini yake ameandika: "Hili ndilo kapu lake la kwanza. Haliuzwi."

Nikainuka kwenda kubandika chai. Tangawizi niliweka kidogo.