Fulana ya Phelesia

Filister hakuwa mtu wa kuficha uso. Mwenyekiti wa Dak Maber, chama cha wanawake wakausha samaki pale Sori, kando ya ziwa, alikuwa na sauti ya kumsimamisha mtu aliye upande wa pili wa soko, na aliitumia bila huruma. Lakini wiki ile fulana zilipofika, alianza kupita njia ya nyuma, kwenye matope ya banda la barafu, ili asikutane na Cate.

Cate ni binti wa Phelesia. Na Phelesia ndiye aliyewafundisha nusu ya wanawake wa Sori kukausha mbuta kwa moshi hadi anang'aa na kutamanika. Saratani ya koo ndiyo iliyomwondoa. Kwanza ugali ulikataa kushuka, halafu uji, mwishowe hata maji yakawa kazi. Filister alikaa naye siku zile za mwisho, na rafiki yake hakuomba mchungaji wala wimbo. Aliuliza tu.

"Hii kitu imetoka wapi, Filister? Mtu aniambie tu imetoka wapi."

"Tutatafuta," Filister alimjibu, amemshika mkono. "Chama itatafuta."

Cate alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Alisikia.

Ndiyo maana mwisho wa mwaka, badala ya kununuliana sufuria na leso kama kawaida yao, akina mama walikubaliana pesa za chama ziende kwa shirika la saratani. Wazo lilikuwa la Filister na alipigiwa makofi mazito. Kilichobaki ni kuchagua shirika.

Wa kwanza kufika alikuwa bwana mmoja, Barnabas, na spika yake na bango lake. Shirika lake, alisema, linaeneza matumaini. Ukimuuliza matumaini yanaenezwaje, anakuonyesha picha za matembezi ya Homa Bay, watu wamevaa zambarau wanachekea jua. Halafu akatoa ahadi: wakichangia, kila mwanachama atapata fulana yenye sura ya Phelesia kifuani na jina la chama mgongoni. Vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wakaanza kubweka. Nani angekataa kumvaa Phelesia?

Wa pili alikuwa Nasteha, binti wa Hamud mwenye duka la jumla kule Migori. Hakuja na spika. Alieleza polepole kwamba shirika lake ni la utafiti, linataka kujua kwa nini watu wa kando ya ziwa wanapata saratani ya koo. Hana jibu bado, alisema, na hawezi kuahidi litatoka lini. Kisha akaomba aonyeshwe matanuri.

Wakampeleka. Moshi ukamtoa machozi, akayafuta kwa ncha ya hijabu yake, akauliza, "Mnawasha na nini, mama zangu?"

Sasa, kuni za Sori nyakati za mvua ni mbichi, na kila mwanamke pale anajua dawa yake. Unachukua pati pati kuukuu, ile ndala ya plastiki, unaikata, unaiwasha kwanza, na moto unashika vizuri. Kando ya tanuri la Phelesia palikuwa na kirundo cha pati pati hizo. Filister akasogea hatua, akasimama mbele yake, leso yake ikakifunika.

"Kuni tu," akasema.

Nasteha akashukuru.

Alipoondoka, Kemuma, mweka hazina, ndiye aliyesema lililokuwa rohoni mwa wote. "Chair, huyu msichana ni mzuri. Lakini akipata hiyo kitu anatafuta? Wanunuzi wakisikia moshi yetu iko na maneno, watoto watakula nini?"

Filister angeweza kusema Phelesia aliuliza swali. Lilimfika mdomoni, akalimeza. Alisema, "Wanaotaka fulana wainue mikono," na mkono wake ndio uliotangulia. Tangu jioni ile alijionea aibu kama mtu aliyeiba msibani.

Njia ya nyuma ilimsaidia siku chache tu. Asubuhi moja kulinyesha, matope yakawa hayapitiki, ikabidi apite katikati ya matanuri. Cate, ambaye hakuwepo siku ya kuchagua shirika, alikuwa pale, kwenye tanuri alilorithi. Alikuwa amevaa fulana. Alipomwona Filister, aliweka kuni chini, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ero kamano, Mama, asante sana. Nimekutafuta sana. Siku ile nilikuwa mlangoni, nilisikia vile ulimwahidi mama. Na umefanya." Machozi yalimlengalenga. "Wamesema jibu itatoka lini?"

Uso wa Phelesia ulikuwa pale kifuani, unacheka. Filister alitazama pembeni.

"Hizo vitu huchukua muda, nyathina, mtoto wangu."

"Hata ikichukua. Bora kuna mtu anatafuta."

Cate akarudi kwenye tanuri lake. Kuni zilikuwa zimelowa. Alipuliza, akapuliza tena, akakohoa. Kisha akanyoosha mkono kwenye kile kirundo, akachukua pati pati na kisu.

"Wacha hiyo!"

Ilikuwa ile sauti ya kusimamisha soko. Akina mama wote wakageuka, kila mmoja na sura ya Phelesia kifuani. Kemuma alianza kutikisa kichwa taratibu, akimkataza.

"Lakini mama alikuwa anawasha na hii," Cate akasema. "Nyinyi wote mnawasha na hii. Kwani iko na nini?"

"Sijui," Filister akasema. Sauti ilikuwa imemwisha. "Wale wa kujua walikuja, wakauliza, mimi nikaificha na leso yangu. Pesa tuliwapa watu wa fulana."

Cate akaishika ile fulana kwa mbele, akaivuta kidogo kutoka mwilini, akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Kwa hivyo hakuna mtu anatafuta."

"Hakuna," Filister akasema.

Cate akaiweka pati pati chini. Akapiga magoti mbele ya kuni zilizolowa, akaanza kupuliza upya, na Filister akabaki amesimama pale, hajui kama ana ruhusa ya kupiga magoti pembeni yake.