Pete za Pampu ya Petroli

Nilianza kuichukia ile pete kabla sijajua imetoka wapi. Asubuhi Waridi, mke mwenzangu, alikuwa akichota maji kwenye pipa letu la uani, mkono wa kulia ukipitapita mbele ya macho yangu kuliko maji yalivyohitaji, na kwenye kidole cha mwisho pete ya shaba iking'aa.

Mume wetu Hemedi alikuwa msaidizi wa fundi kwenye uwanja wa ndege hapa Kasongo, Kongo, enzi za Wabelgiji, na mji mzima ulimsifu kwa jambo moja: akinunua kitenge, ananunua viwili. Samaki wa mtoni kutoka Nyangwe akifika, anakatwa katikati mbele yetu sote. Zamu zake hazikukosewa hata usiku mmoja. Majirani wanawake walinionea gere. Mimi nilivionea gere vitu visivyokatika katikati: jinsi alivyocheka akiwa nyumba ya pili, kwa Waridi, jinsi alivyojikohoza kabla ya kuingia kwake, utadhani ndiyo kwanza anaposa.

Siku hiyo Hemedi alikuwa apande ndege kwa mara ya kwanza maishani. Ndege ndogo ya kampuni moja ya madini ilikuwa imeharibika pampu ya petroli, na jana yake yeye na fundi Mzungu, Bwana Michel, waliifunga pampu mpya. Rubani wa ndege hiyo alikuwa na desturi: aliyekaza bolti naye apande. Basi Hemedi angekwenda Kabambare na kurudi, na tangu alfajiri alikuwa na kikoi kiunoni, anaipiga pasi kaptula ya kaki ambayo nilikwisha kuipiga pasi mimi.

"Waridi iko na pete," nikamwambia. "Yangu iko wapi?"

"Ile haiko pete, Subira. Ni kitu ya moteri. Pale bomba inaingia mu pampu, unatia moja huku, moja huku, petroli isivuje. Tulitoa mbili za zamani, tukatia mbili mupya."

"Basi za zamani iko mbili. Ingine iko wapi?"

Akatia mkono kwenye mfuko wa shati la jana, akanipa. Hapo ndipo roho iliponiuma zaidi: alikuwa nayo usiku kucha na hakunikumbuka. Tena yangu ilikuwa nyeusi.

"Ya mwenzangu inang'aa," nikasema.

"Niliisugua, yaya," Waridi akajibu kutoka mlangoni kwake, akiniita dada mkubwa kwa ile sauti yake ya asali. "Majivu na ndimu tu."

Vema. Nikachukua majivu, nikachukua ndimu, nikakaa chini nikaisugua yangu mpaka vidole vikaniwasha. Iling'aa kweli. Lakini ilikuwa nyembamba, imebonyea, na ina mfereji mdogo unaoizunguka pande zote mbili, alama ya kubanwa. Nikamshika Waridi mkono bila kumwomba ruhusa. Yake ilikuwa nene, laini, haina hata mkwaruzo.

"Miye umenipa takataka," nikamwambia Hemedi. "Yeye umemupa mupya."

"Yaya anaona wivu," Waridi akasema.

Alisema kweli. Niliona wivu, na nilitaka mume wetu akiri hapo hapo, mbele yake, kwamba amenipunja. Lakini Hemedi alikuwa ameweka pasi chini. Alizitazama zile pete mbili, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

Akatueleza polepole. Alizitia zote mfuko mmoja, za zamani na mpya, maana alishanuia kumletea Waridi moja ya zile za zamani na hakutaka ipotee. Zote zilikuwa zimejaa mafuta machafu. Sasa kama mpya moja iko hapa nyumbani, basi moja ya zamani imo kwenye pampu. Na pete iliyokwisha kubanwa haizibi mara ya pili. Petroli itavuja juu ya moteri ya moto.

"Enda useme," nikamwambia.

"Nikisema, Bwana Michel atanifukuza. Labda haitavuja. Jana tuliwasha moteri, ilibaki kavu. Na Kabambare haiko mbali."

Nilimfahamu mtu wangu. Aibu ilimtisha kuliko moto, na mji mzima ulikwisha kuambiwa kwamba leo ataonekana juu. Nikaona nimtishe.

"Kama haiko kitu, nipandishe na miye."

Akafikiri kidogo. "Viti iko nne," akasema. "Piloti ni mutu muzuri, nitamuomba. Vaa basi, twende."

Alisema hivyo hivyo, kwa upole. Nilibaki nimeshika ndimu yangu iliyokamuliwa, na maneno yakanitoka kabla sijayapima.

"Hapana. Mupandishe Waridi."

Hemedi akainua uso, akamtazama Waridi, na kabla hajasema lolote nilikwisha kujua kwamba huyo hampandishi. Akanyoosha mkono kwake. "Leta hiyo pete," akamwambia, na akatoka mbio na kikoi chake, miguu mitupu, kaptula akaiacha mezani.

Pampu ilifunguliwa, pete ya zamani ikatolewa, mpya ikatiwa. Ndege iliruka bila yeye. Bwana Michel hakumfukuza. Alimnyang'anya spana tu, akampa panga la kufyeka nyasi za uwanja. Watu walisema Hemedi ni mtu mwaminifu. Waridi alilia mchana kutwa kwamba yeye ndiye aliyeleta mkosi, akabembelezwa.

Jioni ilikuwa zamu yangu, na alifika kwa wakati, kama siku zote. Nilikuwa nimepika bugali na sombe ya majani ya muhogo. Akanawa, akanitazama kwa shukrani ya kweli. Hilo siwezi kumnyima.

"Umeniponyesha, Subira."

"Nimemuponyesha Waridi," nikamjibu, nikampakulia chakula chake.