Nondo Zilizopinda

Adelard hakuwa na gari, hakuwa na pensheni ya maana, hakuwa na mke tangu Auleria alipofariki, wala hakuwahi kukaa darasani mchana. Kidato cha nne alikimaliza kwa masomo ya jioni, mtu mzima mwenye watoto. Alichokuwa nacho ni macho ya kusomea. Mtoto wa jicho alipolifunika la kushoto, alikubali kupasuliwa bila kubishana.

Alirudi nyumbani Kinyerezi akasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Miezi ikapita. Kisha fundi Suhaib akaja kuweka nondo dirisha la sebuleni, na ugomvi ukaanza.

"Nondo zako zimepinda kama mbavu za ng'ombe wa machinjio ya Vingunguti!"

"Shikamoo kwanza, mzee. Zimenyooka hizo."

"Ng'oa!"

Suhaib aling'oa, akarudishia. Wiki mbili walikwaruzana hivyo, mpaka Adelard akaleta rula yake ya chuma, akaibandika kwenye nondo. Rula nayo ikapinda.

"Aa, mzee, na rula nimeichomelea mie?"

Adelard hakucheka. Alifumba jicho la kushoto: vyote vikanyooka. Akafumba la kulia: vikapinda tena, na katikati pakawa na doa kama moshi.

Bernadeta, binti yake, akaweka chini beseni la nguo. "Baba... daktari alisema."

"Alimwambia nani?"

"Mimi. Ulipotolewa nje. Kwamba mtoto wa jicho atatoka, ila nyuma ya jicho, pale katikati panaposomea, pameanza kuchakaa kwa uzee. Ukiona mistari inapinda tukuwahishe, kuna sindano. Tukaona tusikushtue."

"Na wiki zote hizi?"

"Nilidhani nondo zimepinda kweli."

"Jicho ni la nani, Bernadeta? Namtukana mtoto wa watu, jicho linakufa, nawe unafua!"

Kesho yake alichomwa sindano. Daktari wa zamu akasema kilichopotea huenda kisirudi. Watajaribu kulinda kilichobaki. Jioni Adelard alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akamwandikia yule aliyempasua:

"Daktari, nasikia na naelewa. Ulinitoa nje ukampa mwanangu habari za jicho langu. Adabu gani hiyo? Kuanzia leo mgonjwa mwambie yeye mwenyewe, hata kama ana mvi."

Akalamba bahasha, akaikandamiza mezani kwa ngumi, akamkabidhi Bernadeta.

"Peleka. Na haya yafike, yasiishie kwako kama yale."