Mwalimu Aliyeishia Sabini na Moja

Mimi sina moyo mkubwa, na sijawahi kudai ninao. Ukinikosea, nakumbuka siku na saa.

Nilipokuwa darasa la saba hapa Old Moshi, Mwalimu Ebenezeri aliandika 10,001 ubaoni, akasema ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Jioni, nikiwa nakata majani ya ng'ombe, nikaanza kuijaribu, kigawo kimoja baada ya kingine, nakokotoa kwa kijiti mavumbini. Kesho yake nikaandika ubaoni: 73 × 137. Mwalimu akafuta bila kuzidisha.

"Aikaeli, kaa chini. Wewe ndiye wa kunifundisha mimi?"

Darasa zima likanicheka.

Sasa mwanangu Gladness, katika vijana wote wa Kilimanjaro, kampenda nani? Hosea wa Mwalimu Ebenezeri! Nikasema wazi: yule mzee asipokiri kosa lake, mimi sitoi mtoto. Gladness alilia wiki nzima. Roho iliniuma, lakini sikulegea.

Jumamosi wakaja kuposa. Pombe ya mbege ilikuwa tayari, ndugu wamejaa uani, na mwanangu kajifungia chumbani, hajui kama ataolewa au la. Mwalimu akaingia ameshika jani la isale. Kwetu, anayekuletea isale anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia. Nikalipokea, ningefanyaje?

"Shikamoo, Mwalimu. Kimila nimekusamehe," nikasema. "Lakini hesabu haijui isale. Zidisha."

Shemeji yangu Sifael akanifinya mkono. Mwalimu akaomba kalamu, akachukua kalenda ya mwaka jana ukutani, akaigeuza, akaanza kukokotoa nyuma yake kwa sauti kama yuko darasani.

"137 mara tatu, 411. Mara sabini, 9,590. Jumla..." Akarudia tangu mwanzo, polepole. "10,001."

Akavua kofia, akaketi.

"Mama Gladness, nilizijaribu namba tasa zote kuanzia mbili. Nilipofika sabini na moja nikachoka. Nikasema basi, hii haigawanyiki."

"Na baada ya sabini na moja, inayofuata ni ipi?"

Akanitazama. "Sabini na tatu," akasema, halafu kicheko kikamshika mpaka machozi yakamtoka. "Hatua moja! Miaka yote hii, jamani, hatua moja!"

Nilitaka kubaki nimenuna, nikashindwa. Nikamwona kama alivyokuwa siku zile, kijana wa miaka ishirini na tano, kazungukwa na madaftari ya watoto sitini, macho yanafumba. Nikacheka naye, na wanawake wakapiga vigelegele bila hata kujua vya nini. Nilifurahi kuliko siku niliyoolewa mwenyewe, Mungu anisamehe.

Mwalimu akasimama, akainua ile kalenda juu watu waione.

"Aikaeli alipata," akasema. "Mimi ndiye niliyekosa."

Nikaenda mlangoni kwa Gladness, nikagonga.

"Toka, mwanangu," nikamwambia. "Njoo umwamkie baba mkwe wako."